Chemchemi Tuliyoiita Mama Mdogo

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini kikohozi chako kimepoa. Sisi tunapumua. Duka langu la mabomba na matangi linauza kuliko mwaka wowote, na hilo lisikufurahishe: watu hukimbilia matangi visima vikikauka.

Nianze na Mama Mdogo, ile chemchemi ya bondeni nyuma ya nyumba. Tuliipa jina hilo kwa kuwa mama akienda kazini, yeye ndiye aliyetunywesha. Kiangazi kilipoanza yalikuja malori ya kifusi. Nilihesabu arobaini na mawili, nikaacha. Mnunuzi wa kiwanja hicho cha bondeni, mtu wa suruali yenye pasi kali, alimsikia mama akilia kwamba wanamzika Mama Mdogo. Akashtuka, akauliza kama kuna mtu anakaa kule anayedai fidia. Mama akamjibu kwamba anadai sana, ila ameshafukiwa mdomo. Vibarua walicheka. Mimi nilishindwa.

Kabla ya kifusi, kisima chetu kilikuwa na maji futi kumi na mbili chini. Sasa kamba ya futi thelathini inarudi na tope. Nyumba tisa za jirani, hali ni hiyohiyo. Mchicha wa mama umebaki vijiti.

Nilimfuata mnunuzi nimuulize nani kamuuzia. Akasema ni wewe. Nilibisha mpaka nikaona haya. Eti ulimwambia ni tope tu, halimfai mtu. Kaka, tope hilo lilikunywesha mpaka ukaota ndevu. Ungeniuliza walau.

Mama naye aliuliza. Unajua moyo wake ulivyo siku hizi, na jina lako ndilo linalomwamsha asubuhi. Nikamwambia nimeuza mimi, nikaongeze bidhaa dukani.

Tangu siku hiyo hapokei hata kikombe mkononi mwangu. Hununua maji kwa mwenye mkokoteni, naye huyachota kwenye tangi langu. Nimemkataza kusema. Mama anawaambia majirani kwamba ukija utanitia adabu.

Basi ukija, nigombeze mbele yake, apate raha. Usinitetee. Tukitoka nje, usiniombe radhi; sina pa kuiweka.

Wifi mpe mkono wangu, watoto wapakate kwa niaba yangu. Mama anakusalimu kuliko sisi wote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda