Hamira ya Mdogo Wako

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako, nikiwa nimekaa kwenye meza ya jikoni, kalamu ya baba yako mkononi na miwani yake usoni, maana yangu imevunjika mguu. U hali gani huko? Mumeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kama babu yake? Kikohozi chako je? Usiniambie kimekwisha kama hakijakwisha, nitajua tu.

Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, mgongo unamsumbua lakini kazini anaenda. Shangazi yako hajambo, bado tuko naye. Alikuja kwa ajili ya msiba akasema hakai, na sasa ameshaleta mpaka cherehani. Jirani mshona viatu anakusalimu. Mwenye nyumba naye anakusalimu, ingawa nilimwambia si lazima. Wale waliokuwa wakifanya kazi na mdogo wako kule kwenye ghala la baridi walileta buti zake na lile koti zito la kazini, nikapokea, nikawaambia asanteni, nikaviweka. Paka hajambo.

Na mimi sijambo. Nakula, nalala, nafua. Watu wakija wananitazama usoni wakingoja nilie, wakiona hakuna kitu wanakunywa chai wanaondoka. Toka tulipomzika mdogo wako nimekuwa kama mkono uliolaliwa. Upo, unauona, lakini si wako.

Sasa mwanangu, nimekuandikia kwa sababu ya bia. Usishtuke. Mimi huyu huyu niliyekuwa nafungua madirisha yote kila mdogo wako akichemsha mambo yake kule chumba cha nyuma, nimepika bia. Iko kwenye friji yake sasa hivi. Nataka kujua jambo moja tu, kama ile ni bia yake au ni bia tu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya kutoa vyombo chumbani kwake wewe ulikuwa umeshasafiri. Rafiki zake wa kutengeneza bia walikuja, yule fundi wa friji mrefu na wenzake. Wakaikuta ndoo yake ya mwisho imeiva, wakasema si vizuri iharibike. Wakainywa wamesimama uani, wanamtania kama yupo. Walikuwa wakimwita Barafu, unakumbuka. Bia ya namna ile, ya rangi nyepesi, chungu, yenye maua mengi ya hopi yanayoipa uchungu na harufu, wao wote wanaipika kwa hamira ya joto inayofanya kazi haraka ikamaliza. Yeye peke yake aling'ang'ania hamira ya baridi, ile ya bia za kawaida za baa, inayofanya kazi ndani ya friji polepole kama kibarua anayelipwa kwa siku. Walimwambia anapoteza muda na maua. Naye aliwajibu kwamba hamira ya joto inaacha harufu za matunda kila mahali kama mgeni aliyemwagikiwa na manukato, lakini ya baridi inafanya kazi yake inakaa pembeni, inayaachia maua yanukie yenyewe. Basi siku ile wakakiri kwamba alikuwa sahihi. Wakakiri mpaka ndoo ikaisha.

Hakuna aliyekumbuka kuniwekea hata chupa moja. Na mimi sikukumbuka kuomba.

Nikaichukua ndoo kuiosha. Chini kulikuwa na tope jeupe kama uji mzito. Nimeshafungua bomba, fundi wa friji akanikimbilia, akaniambia nisioshe, lile tope ndiyo hamira yenyewe, na iko hai. Nikamwuliza tena. Akarudia kwamba iko hai, mama, ipe baridi tu. Nikafunga bomba. Nikaitia kwenye chupa ya jemu, nikaiweka kwenye friji nyuma ya maziwa. Shangazi yako nusura aipake kwenye mkate.

Kila asubuhi nikawa nafungua friji naitazama. Ilikaa tu. Na mimi nilikuwa nakaa tu. Siku moja fundi akapita akaniambia haitangoja milele, isipopewa chakula itakufa. Nikamwambia basi nifundishe kuipa chakula. Akaleta kimea na maua ya hopi. Tukachemsha kwenye sufuria kubwa, mimi nakoroga kwa ule mwiko wake mrefu. Shangazi yako akapiga kelele kwamba nyumba nzima inanuka kama shamba lililonyeshewa. Baba yako akaja akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akarudi sebuleni.

Tukaipoza, tukamimina hamira, tukaiweka kwenye friji yake mdogo wako, fundi akaenda kazini kwake. Hapo ndipo nilipoharibu, kama niliharibu. Unajua hamira niliyoizoea mimi ni ya mkate, ukishakanda unafunika, unaweka penye joto. Kesho yake naichungulia, ndoo imenyamaza, hakuna povu, hakuna kitu. Nikaona inanifia mikononi. Nikaitoa kwenye friji, nikaifunika lile blanketi la bluu la mdogo wako, nikaiweka karibu na jiko, nikakaa nayo kutwa. Jioni ikaanza kububujika. Fundi alipokuja akashika kichwa, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia mama, huyu si mtoto mchanga, huyu anataka baridi. Akasema hamira ile ina tabia ya kuchelewa kuamka, haikuwa imekufa. Akairudisha mwenyewe. Nikamwuliza kama nimeharibu. Akaniambia labda lile blanketi limeitia ile harufu ya matunda aliyokuwa akiikimbia mdogo wako, labda halikuitia. Wa kusema ni yule anayeijua ladha yake.

Sasa imeiva, imetulia, ukiishika glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Fundi ameonja akasema ni nzuri sana, lakini yule hata umpe maji ya betri, mradi yako kwenye glasi, atasema ni mazuri. Baba yako alionja, akaiweka glasi taratibu, akatoka kwenda kuangalia bomba la uani ambalo halina ubovu wowote. Sikumfuata. Shangazi yako anasema pombe haigusi, ingawa chupa moja siioni.

Utaniuliza, na wewe mama, kwa nini usionje mwenyewe?

Mwanangu, nimeonja. Nimeonja asubuhi, nikaonja tena mchana. Ni ya baridi, ina povu, basi. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Toka siku ile ya kuzika sisikii ladha wala harufu ya kitu chochote. Nilidhani ni mafua ya kulia, kumbe sijalia. Chumvi natia kwa mazoea ya mkono. Shangazi yako ameshasema nataka kuwaua kwa presha, nikacheka, naye akacheka. Baba yako anakula, anashushia maji. Siku ile ya kuchemsha, wao wananusa maua nyumba nzima, mimi nilikuwa naona mvuke. Nilificha shati moja la mdogo wako lisifuliwe. Nimeliweka usoni, na shati ni kitambaa tu.

Ya daktari tutazungumza ukija, usianze kunigombeza kabla. Ninachokuomba ni hiki. Mdogo wako alikuita Ulimi kwa sababu kila bia yake ulionja wewe kwanza, wala hukumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Njoo uonje. Ukisema ni yake, nitashika neno lako. Ukisema ni matunda, niambie hivyo hivyo, tutarudia bila blanketi. Ndoo sijaiosha.

Wote hapa wanakusalimu tena. Mbusu mjukuu wangu kwenye ufizi.

Lakini usikawie. Fundi anasema uchungu wa hopi unakaa, harufu ndiyo hutangulia kuondoka. Nijibu upesi unakuja lini, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi mama yako