Nyota Zote Zilipofifia

Kileleshwa, Nairobi

Ndugu yangu mpendwa Lenox,

Nyota ya kulinganishia ni nyota ambayo mwangaza wake unajulikana na hautarajiwi kubadilika, nasi wanaastronomia huitumia kupimia mwangaza wa nyota nyingine zilizo katika picha ileile. Najua utasema dada ameanza somo kabla ya salamu. Basi pokea salamu. Hujambo? Lornah na watoto hawajambo? Biashara ya nyama huko Dagoretti inaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa kwa jambo moja, nalo naliandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Sikulaumu. Jumapili ile ulimletea Mama maini, naye akakwambia mbele ya akina mama wa kanisa kwamba umemtupa tangu Krismasi. Uliuweka mfuko mezani, ukaniambia mlangoni kwamba mwana anayekuja kila wiki na bado akaitwa mpotevu, heri apotee kweli. Nilidhani ni utani wa Mama uliopita kiasi.

Kisha mwanafunzi wangu Nthiwa akaniletea ofisini, pale mjini, grafu ya nyota iliyokuwa ikififia. Akilini mwake alikwisha kuliona jina lake katika majarida ya sayansi. Nilimwagiza azipime nyota zote zilizosalia pichani kwa nyota ileile ya kulinganishia. Alirudi amenywea: zote zilikuwa zimefifia, tena kwa kiasi kimoja. Wenzake wakamtania kwamba amezima mbingu. Nyota zisizohusiana hazifanyi hivyo. Iliyobadilika ilikuwa ile moja aliyoiamini. Yenyewe ilikuwa imezidi kung'aa, na kwa hiyo nyingine zote zikaonekana hafifu.

Nilikuwa bado nacheka nilipofika nyumbani. Mama alinishtakia kwamba Janice, msaidizi wetu, amemnyima chai tangu asubuhi. Janice, ambaye humwita shosho kama bibi yake mzaa mama, akamjibu taratibu, "Lakini shosho, si hicho kikombe umeshika?" Nilikigusa, kilikuwa cha moto. Mama akaendelea. Akina mama wa kanisa hawaji tena kumwombea. Jackie wa nyumba ya pili hamsalimii. Na Valarie naye, akaniambia mimi mwenyewe, siku hizi haonekani.

Niliketi pale pale na mkoba wangu begani. Watu wote walikuwa wamefifia pamoja.

Nilimpeleka kwa daktari. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, kwamba hauponi, na kwamba polepole hata nyuso zetu zitamponyoka. Wewe hukupungua, Lenox. Hukupungua hata kidogo.

Lipo jambo ambalo daktari hakulieleza, wala mimi siwezi. Kila tukipika kuku, Mama hutenga firigisi, kipande cha heshima cha mwanamume wa nyumba, akaifunga na kuiweka kwenye friji, akisema ni ya baba. Yaani wewe, uliyepewa jina la babake. Janice alitaka kuzipika kabla hazijaharibika, akaambiwa akithubutu atarudi kwao kwa miguu. Sasa friji imejaa. Mama anashikilia kwamba hujaja tangu Krismasi, na papo hapo anakutengea chakula kama mtu aliyekusikia ukipanda ngazi.

Njoo Jumapili, angali anakutambua. Akikukaripia, usimsahihishe, keti ule. Nisalimie Lornah, watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Janice naye anakusalimu, na anaomba uje na tumbo tupu ili arudishiwe friji yake.

Nthiwa alichagua nyota nyingine ya kulinganishia, akapima upya, na kazi yake ikanyooka. Mimi nawe tangu utotoni tumejipima kwa huyu mmoja tu. Asipokumbuka kwamba tulikuja, ni nani atakayetuambia kama tulikuwa watoto wema?

Dada yako akupendaye,
Valarie