Mnyang'anyi wa Mkono wa Kuume

Jumanne, tarehe 9 Julai

Kaka Cordell mpendwa,

Kabla sijakusalimu, acha nilitoe hili, maana nikianza na salamu nitaishiwa ujasiri na kujaza kurasa kwa habari za mvua. Ile picha ya Tavion iliyotoka gazetini, ile ambayo nchi nzima imeiona, mimi ndiye niliyempa mwandishi. Si polisi, kama Baba anavyosema. Si Kendrea, kama kanisa zima linavyonong'ona. Ni mimi, dada yako Aniya. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa nakusalimu. U hali gani huko chuoni? Je, bado wanawakimbiza kabla ya jua kutoka? Je, goti lako limepona? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakuombea kila siku, na Jumapili bado anatoa sahani yako, kisha anairudisha kabatini. Baba hataki chuo cha polisi kitajwe mezani. Lakini juzi nilimkuta kibarazani anakung'arishia viatu vyako vya zamani, vile ulivyoviacha. Aliponiona akasema eti rangi ya viatu ilikuwa inakauka koponi, haifai kupotea bure.

Naandika kwa kalamu kwa sababu siamini tena kutuma kitu kwa simu. Utaelewa ukifika mwisho.

Uliondoka Mei, siku tatu baada ya mahafali yetu, kwa hiyo mambo mengi umeyasikia vipande vipande. Tavion aliuawa Alhamisi ya pili ya Juni, saa kumi alasiri, mitaa miwili kutoka kwetu, akiwa ndani ya gari la mama yake. Taa moja ya nyuma haikuwaka. Askari alimsimamisha, akamwambia atoe karatasi za gari, naye akainama kuzitoa kwenye kijidroo cha mbele. Askari anasema aliona kijana anachomoa kitu. Alichokutwa nacho mkononi ni bahasha ya bima. Alipigwa risasi tatu.

Jumamosi gazeti likaja. Mama alilisoma jikoni kwa sauti, miwani ikiwa puani. Kichwa cha habari kilisema kijana amefariki katika tukio lililomhusisha askari. Mama akaweka gazeti chini. "Amefariki!" akasema. "Utadhani aliugua kifua. Na hiyo risasi je, ilikuwa inajitembelea tu, ikakutana naye njiani?" Baba hakucheka. Alikuwa anatazama picha mbili zilizowekwa bega kwa bega. Ya kwanza ilikuwa ya askari, yupo ziwani amevaa kofia ya majani, ameinua samaki, na binti yake mdogo mwenye pengo anacheka kando yake. Ya pili ilikuwa ya Tavion. Unaijua. Kofia ya sweta imefunika paji la uso, chini ya jicho kuna weusi kama wa kipigo, mdomo umekunjwa, na ngumi imeinuliwa karibu na shavu.

"Huyu amepewa samaki," Baba akasema. "Wetu amepewa ngumi."

Tangu siku hiyo mji umekuwa na mazungumzo mamoja tu. Kwenye televisheni waliketi watu wanne mezani. Askari mmoja mstaafu alisema watu wayaangalie macho yale, kisha wajiulize wenyewe wangefanya nini. Mwanasheria mmoja, mwanamke mweusi, alimuuliza mbona picha ya joho la mahafali haikutumika, wakati mtoto amehitimu juzi tu, na mbona hakuna aliyeambiwa ayaangalie macho ya askari. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mtangazaji akauliza kama kweli rangi ya ngozi inahusika, na kabla mtu hajajibu wakaenda kwenye tangazo la matairi.

Kazini kwangu pia. Nimeanza kazi kwenye duka la dawa, sijui kama Mama alikuambia. Meneja wangu, Bi Gail, ni mama mweupe mwenye huruma. Hunimegea mkate wake wa mchana bila kuniuliza. Alilitazama gazeti, akatikisa kichwa, akasema inasikitisha, lakini mtoto mwenye sura ile hakuwa malaika. Halafu akanishika bega. "Si wewe, mpenzi. Wewe u tofauti." Nilikuwa napanga sabuni. Nikaendelea kupanga sabuni. Unanijua, Kaka. Maneno hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumapili ile ukanipigia simu. Hukumbuki pengine ulivyosema, lakini mimi nakumbuka. Ulisema, "Niya, nisikudanganye. Nilipoiona ile picha kwenye simu ya mwenzangu, kabla sijasoma jina, nilimwogopa." Wewe, uliyemfundisha Tavion kuendesha baiskeli pale nyuma ya kanisa, ukimshikia kiti na kumtukana kwa mapenzi. Ndiyo maana barua hii naileta kwako na si kwa mwingine.

Nikueleze sasa ilivyokuwa. Ijumaa, siku moja baada ya kifo, mwandishi mmoja msichana alikuja kwenye ngazi za kanisa. Mchungaji Eubanks akaniita, kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza kamera ya kanisa, akaniambia nimtumie picha nzuri, ile ya joho. Nikatuma ya joho. Nikaongeza ile ambayo Tavion amesimama mlangoni pa kanisa na wahudumu wenzake wa kukaribisha waumini, na glavu zake nyeupe. Baadaye mwandishi akanitumia ujumbe wa upole sana. Akaniuliza kama ninayo moja ambayo hajajipanga mbele ya kamera, moja inayomwonyesha akiwa hai kweli.

Ninayo, nikasema moyoni. Nilikuwa nayo moja niliyoipenda kuliko zote.

Mwaka huu hukuwapo Pasaka, ulikuwa na mitihani yako ya kuingia chuoni. Mchungaji alitaka vijana waigize mateso ya Ijumaa Kuu kwa mavazi ya siku hizi. Tavion alipewa nafasi ya mnyang'anyi wa mkono wa kuume. Mama yake mwenyewe ndiye aliyelichana lile sweta na kumpaka masizi chini ya jicho. Misalaba ilikuwa ya mbao za ujenzi, na mikono yao ilifungwa kwa kamba ya katani. Pale mnyang'anyi mwingine alipoanza kumdhihaki Yesu, Tavion akageuka ghafla na kumkaripia, kwa hasira ambayo hatukuiona kwenye mazoezi hata mara moja. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwambie, mwanangu, mwambie!" Nikabonyeza kamera. Ngumi ile, Kaka, ni mkono uliofungwa msalabani. Hasira ile ni ya mtu anayemtetea asiye na kosa.

Basi nikamtumia mwandishi picha hiyo. Nilitaka mtu mmoja amwone kama nilivyomwona mimi. Nikaomba tu jina langu lisitajwe.

Waliokuwapo Pasaka waliitambua mara moja. Mama Tavion alilitambua sweta alilolichana kwa mikono yake. Siku ya maziko, watu wakiwa ukumbini na sahani za kuku na makaroni na jibini, alisimama akasema gazeti limemkata mwanawe msalaba. Ukumbi mzima ukasimama naye. Siku hizi maneno hayo yako kwenye mabango na kwenye fulana: MMEMKATA MSALABA WAKE. Kila Jumamosi tunaandamana hadi mlangoni pa gazeti. Na mimi huwa nimo, nimeshika bango.

Mhariri aliandika kwamba picha ilichapwa kama ilivyopokelewa, haikukatwa. Baba aliyasoma hayo akacheka kicheko kikavu. "Lini hawa wamewahi kusema kweli juu yetu?" Mama akacheka. Nami nikacheka, Kaka. Niliketi pale nikacheka pamoja nao.

Kwa sababu mhariri amesema kweli. Mimi ndiye niliyeikata.

Niliikata siku ile ile ya Pasaka, kabla hatujala chakula cha mchana, nimejifungia chumbani na joho la kwaya bado mwilini. Katika picha nzima kuna misalaba yote mitatu, kuna kamba, na chini ya msalaba wa Tavion amesimama Kendrea, aliyekuwa Mariamu, kichwa chake kinakaribia kugusa ubavu wa Tavion. Wiki ile Tavion alikuwa amemwomba Kendrea aende naye kwenye dansi ya kumaliza shule. Sikuweza kumtazama yeye bila kumtazama Kendrea. Nikamtoa Kendrea, na ili nimtoe ilinibidi niutoe msalaba, na kamba, na yule mwenye dhihaka, hadi ukabaki uso peke yake na mkono. Nikauweka kwenye simu yangu uwe wa kwangu. Niliutazama mara nyingi mno kiasi kwamba mimi niliuona msalaba hata pale ambapo haukuwapo. Nilipoituma sikufikiri hata kidogo kwamba mtu mwingine hatauona.

Sijisamehe, lakini sitaki pia kuwasamehe wao kwa bei rahisi. Walikuwa na picha tatu mezani. Walikuwa na joho, na glavu nyeupe. Hawakupiga simu kuuliza ile ya tatu ni ya nini. Waliichagua. Hilo sikuwafanyia mimi.

Lakini Kendrea ameacha kwaya. Watu wanasema alikuwa karibu naye kuliko wote, kwa hiyo lazima ni yeye aliyeuza picha. Jumapili iliyopita aliketi benchi la nyuma kabisa, na hakuna aliyeketi karibu naye. Hata mimi sikuketi.

Na kuna jambo la Jumatatu ijayo. Mama Tavion atasimama mbele ya baraza la mji, kamera zote zikiwapo, aseme kwamba gazeti lilimkata mwanawe. Mwandishi anao ujumbe wangu. Mpaka leo hajanitaja, ametimiza ahadi, ingawa anatukanwa kila siku. Lakini gazeti likibanwa litauonyesha, na mama wa watu ataonekana mwongo, na wale wa mezani kwenye televisheni watasema kama hilo ni la uongo basi na bahasha ya bima pia. Baba husema hivyo kila mara: sisi hatupewi nafasi ya kukosea hata neno moja.

Picha nzima iko kwenye kadi ya kamera ya kanisa, na hakuna mwingine aliye nayo, kwa kuwa Mchungaji huwa anazikusanya simu zote kwenye kikapu mlangoni kabla ya igizo. Mama Tavion aliniuliza. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Binti yangu, huna hata moja inayomwonyesha mzima?" Nikamwambia kadi iliharibika. Kadi ipo, nimeifunga kwenye leso ndani ya kofia yangu ya mahafali.

Nimeamua. Jumapili, ibada ikimalizika, nitakwenda nyumbani kwake na picha nzima, nimwambie kila kitu kwa mdomo wangu, ajue la kusema Jumatatu. Kutoka kwake nitakwenda kwa Kendrea. Sijui kama wataniruhusu niketi. Naogopa hata kuandika.

Nawe nakuogopea, Kaka. Sina maneno mazuri ya kulisema hili. Siku moja utasimama kando ya gari la mtu, naye atainama kutafuta karatasi, na wewe utakuwa unaona uso na mkono tu.

Mama anakusalimu sana, anasema ule mboga. Baba hajasema nikusalimu, lakini viatu vimeng'aa na amevifunga kwenye boksi lenye anwani yako.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo, nimeifunga kwa gundi. Ni picha nzima. Nakuomba usiifungue hadi Jumapili saa nane mchana iwe imepita, na mpaka hapo usimwambie mtu, si Mama, si Baba, hata wakikuuliza mbona sauti yako imebadilika. Nitunzie siri hii siku tano tu. Nataka mama yake awe wa kwanza kumwona.

Mdogo wako anayekupenda,
Aniya