Akdi na Kifurushi cha Bila Kikomo

Makorora, Tanga
9 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai ujumbe huu unakukuta mzima huko Sohar, na mgongo umepoa kidogo licha ya hilo boza la maji unaloendesha kutwa. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Shangazi Semeni anakusalimu, anasema siku hizi umekuwa mchoyo wa sauti.

Baba, akdi ya ndoa yangu ni Ijumaa ya tarehe 21, baada ya sala, hapa hapa nyumbani. Sheikh Zubeiri anaomba umpe uwakala mapema. Umpigie hata leo, useme mbele ya mashahidi kwamba umemwakilisha aniozeshe kwa Luqmani, basi. Siku yenyewe hata mtandao ukilala, mambo yatakwenda. Najua ulitaka nisubiri mpaka likizo yako ya mwakani, na najua Luqmani hukumpenda kwa kuwa hamjuani. Ahsante kwa kuridhia. Mpigie sheikh, baba.

Mwanao,
Najat

Sohar
11 Februari 2025

Mwanangu Najat,

Marahaba. Mgongo ndio huo huo, tunakwenda nao. Msalimie Semeni, mwambie sauti ninayo, muda ndio sina.

Uwakala sitoi. Mwambie Sheikh Zubeiri namheshimu, lakini baba yako yu hai na ulimi anao. Mama yako alizikwa mimi niko huku, nikaletewa picha ya kaburi. Hili la kukuozesha nitalisema mwenyewe, mnione na niwaone. Mtandao usinitajie. Tangazo nimeliona: intaneti bila kikomo, mwezi mzima. Pesa yake nimekutumia, kanunue kesho. Kitu hakina kikomo, kitatukatikia vipi?

Baba yako,
Mwinyijuma

Makorora
19 Februari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za kazi na joto la huko? Huku hali nzuri, ila usingizi hakuna, nyumba imejaa watu.

Bando lako limetupa heshima mtaani. Simu yangu imewashwa hotspoti kutwa, na shangazi Semeni ndiye mgawaji wa nywila. Mawifi wanaangalia tamthilia, watoto wa jirani yetu Tahiri katuni, na kungwi wangu anatafuta mitindo ya hina. Nani wa kumnyima mtu kitu kisichoisha? Hakuna aliyenunua bando lake tangu wiki ianze, wanasema wanakula la baba Najat. Na wewe umeonyeshwa kila kitu mpaka magunia ya mchele.

Leo jioni uso wako uligandaganda kwenye simu. Luqmani akasema kwa tahadhari tungeomba ule uwakala. Nikamwambia aache uchuro. Tutaonana Ijumaa, inshallah.

Mwanao,
Najat

Sohar
21 Februari 2025

Najat,

Salamu nitazileta siku nyingine.

Leo nimeegesha boza kando ya barabara, nimevaa kanzu na koti, simu mkononi. Nimemwona Sheikh Zubeiri amefumbua mdomo, ukabaki wazi hivyo hivyo. Nikapiga tena, na tena, mpaka simu ikawa ya moto. Magharibi Tahiri akaniletea picha: wewe na Luqmani, pete kidoleni, watu wanacheka.

Nani amekuozesha?

Baba yako,
Mwinyijuma

Makorora
22 Februari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui niulizeje hali yako. Yangu mbaya, na watu wanasema bibi harusi analia kwa furaha.

Picha ilipoganda tuliwafukuza wote kwenye hotspoti, haikusaidia. Tukakupigia simu ya kawaida, ikawa inatumika kila tukijaribu, kumbe na wewe unatupigia bila kupumua. Simu za wageni hazina bando, wote walitegemea letu. Luqmani akatoka mbio na kanzu yake kwenda kununua vocha. Aliporudi, alasiri imeadhiniwa na sheikh amesimama, maana alikuwa na akdi nyingine Kigombe. Sheikh akampigia kadhi, akapewa idhini. Akasema walii, mwenye haki ya kumwozesha binti, akiwa mbali na hapatikani, hakimu hushika nafasi yake. Mimi nilikuwa chumbani, nikaulizwa kama nimeridhia. Baba, wageni wamekaa, biriani linapoa. Nikasema nimeridhia.

Asubuhi nimepiga huduma kwa wateja. Binti mwenye adabu zake akaniambia, "Dada, kifurushi chako hakijaisha. Ukishatumia sana tunapunguza kasi tu, unaendelea bila kikomo. Ipo kwenye vigezo na masharti." Nikamwuliza kasi hiyo inafaa kitu gani. Akasema ujumbe wa maandishi. Ndio huu ninaokuandikia.

Nisamehe, baba.

Mwanao,
Najat

Sohar
26 Februari 2025

Najat,

Nimesoma, nikarudia kusoma.

Aliyelipa ni mimi, na tangazo nililisoma mimi. Kilichoandikwa bila kikomo hakifiki mahali kikakoma, tena saa ile ile ya akdi. Hadithi hiyo kamsimulie asiyejua kusoma. Juzi yake mumeo alitaka uwakala. Sikuutoa, basi mkajichukulia. Mliogopa nitakataa mbele za watu.

Anayeozeshwa na hakimu ni yule asiye na walii. Na iwe hivyo. Huna walii. Nimemwandikia na Semeni ili ajue.

Ramadhani njema.

Mwinyijuma

Sohar
31 Machi 2025

Mwanangu Najat,

Eid Mubarak. Hujambo? Luqmani hajambo? Mimi mzima. Picha za futari ulizonitumia niliziona zote. Sikujibu, nilikuwa na hasira.

Mwanzo wa mfungo na mimi nilinunua kifurushi cha bila kikomo cha huku, nisikilize darsa. Yona, kijana wa Lushoto ninayelala naye chumba kimoja, akaomba hotspoti, na wenzake wakaomba. Mwezi haujafika kati, hata picha haifunguki. Nikaenda dukani kugomba, muuzaji akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo. Yona alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, kumbe ulikuwa unaamini?"

Niliamini, na umri huu. Basi naona hukunidanganya. Sasa sikiliza: akdi hurudiwa. Mwambieni sheikh tuifanye upya Ijumaa hii, kwa simu ya kawaida, niseme maneno yangu, haya yaishe. Mkono wa Eid nitautuma kesho.

Baba yako,
Mwinyijuma

Makorora
2 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Eid tumeipokea salama. Afya ninayo.

Nimemweleza Luqmani. Amekataa, na mimi sikumbembeleza. Ule ujumbe wako kwa shangazi Semeni, shangazi aliusoma kwa sauti uani siku ya kwanza ya Ramadhani, wanawake wamekaa wanamenya muhogo wa futari. Kabla ya tarawehe Makorora nzima inajua Najat kaolewa bila walii. Mama mkwe wangu alifunga safari kwa Sheikh Zubeiri kuuliza kama mwanawe anaishi kwenye zinaa. Sheikh akamwapia kwamba ndoa ni sahihi. Leo tukiirudia, watasema kumbe yalikuwa kweli.

Kila siku nilikupigia picha ya futari nikakutumia. Nikiangalia, umeiona. Kimya. Nikajiambia kesho atajibu, ni baba yangu.

Na sasa umejibu, na radhi hukuniomba. Umenieleza jinsi Yona alivyocheka. Ile kampuni hainijui, haina haya nami, imeuza neno lake ikapata pesa. Wewe umenizaa, ukaliamini tangazo kuliko mimi. Kama Yona asingekumalizia bando, mpaka leo ningekuwa mwongo. Hilo linanichoma kuliko akdi yenyewe, na sitakuficha.

Mkono wa Eid usitume. Vifurushi pia usitume, mume wangu ananunua vya siku, tunajua vinapoishia.

Ulitaka neno lako juu ya ndoa yangu lifike huku wazi, kila mtu alisikie. Lilifika, baba. "Huna walii." Hilo halikukatika hata kidogo.

Najat,
mke wa Luqmani