Msiba wa Mwakimeza

Dada Zuhura,

Shikamoo. Mvua ya Tukuyu imelowesha hata soksi zilizomo sandukuni, ila mimi mzima.

Kile kitabu cha watoto cha lugha mbili ninachokitafsiri kina zimwi lenye jina la Kizungu la kubuni. Mimi nikaliita Mwakimeza, ili lisikike kama jina la ukoo wa huku. Jana nikawasomea kina mama wa kisomo cha watu wazima, kijijini Mpuguso. Walicheka mpaka zimwi lilipozama mtoni.

“Akina Mwakimeza wamepelekewa habari?” akauliza mmoja. “Mwalimu, mtu wa kwetu hafi kimya hivyo.”

Hawakuinuka mpaka nikaongeza ukurasa wa msiba, wenye ngoma, ng'ombe na ndizi za kulisha kijiji.

Wabusu watoto. Kitabu kikiwafikia, wakiuliza kwa nini upande wa Kiingereza una ukurasa mtupu, waambie zimwi la kule halina ndugu.

Mdogo wako,
Hamisi