Elia na Baridi ya Chini ya Sifuri

Jumanne, 8 Julai

Nimefagia uani mara ya pili. Taka hakuna, ila siwezi kukaa. Elia yuko mezani tangu chai, ameinamia kibao chake cha chipu, na kila nikipita namgusa bega. Anatabasamu bila kuinua kichwa. Mwezi wa pili sasa tunaishi hapa Chapwa, Tunduma, kama mume na mke, na bado nikiitwa mke wa Elia dukani moyo unaruka. Mume wangu. Naandika tu nilione neno lenyewe.

Ijumaa kifaa anachokiunda kinafungwa kwenye lori la baridi la Bwana Sudi, anayepeleka samaki wa kuganda Zambia. Malori yakikwama kwenye foleni ya mpaka, madereva wengine huzima mashine ya baridi ili dizeli ibaki yao. Samaki wanaoza. Kifaa cha Elia kinapima baridi ndani ya lori, na joto likianza kupanda kinapiga king'ora.

Kikifaulu, Elia ana kazi hapa hapa Tunduma. Kisipofaulu, anaenda Dar kwa kaka yake Amani. Mkataba miaka miwili, wafanyakazi wanalala bweni, wake hawaruhusiwi. Amani anataka jibu Jumatatu.

Miaka miwili. Mkono unakataa kuandika.

Alhamisi, 10 Julai

Tumelala kwetu Ihanda, Mbozi. Wazo langu. Elia alitaka kukijaribu kifaa kwenye baridi kali, nami nikasema baridi kali iko kwa baba. Alfajiri tukakiweka juu ya vichanja vya kahawa. Nyasi nyeupe kwa umande, vidole vimekufa ganzi. Kikasoma nyuzi nne. Kipimajoto cha Elia cha dukani nacho nne.

Baba alisimama na blanketi mabegani. "Mkwe, kikistahimili hapa, huko kwa samaki ni mchezo tu."

Wote tukakubali. Sisi watu wa Mbozi tunajiona ndio wenye baridi. Elia alinishika mkono mbele ya baba, akaachia haraka kwa adabu. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Ijumaa, 11 Julai

Kimeshindwa.

Nilikuwepo, nimesimama pembeni na kanga yangu mpya. Lori limejaa samaki walioganda kama mawe, mvuke wa baridi unatoka mlangoni. Elia akaingiza waya wa kipimo, akafunga mlango. King'ora kikalia hapo hapo. Kioo cha kifaa kikaandika 240. Nyuzi mia mbili arobaini.

Dereva wa lori, Chande, alijishika tumbo. "Fundi, samaki wanaungua humu. Niite mama lishe alete limau?"

Wapakiaji wote wakacheka. Chande hakitaki kifaa, na sababu yake kila mtu anaijua. Namchukia leo. Kesho nitatubu.

Bwana Sudi hakucheka. Alimwambia Elia, "Kijana wangu, lori hili halitoki foleni kabla ya Jumatatu. Lete kilichopona, au tuachane kwa heri."

Elia hakula. Wala mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Amekosea nini, kanieleza asubuhi. Chipu hii huiandikii maagizo ya kufuata kama kompyuta. Unaiandikia saketi, yaani njia za umeme ndani yake, iwe vipi, nayo inakuwa hivyo. Kipimo kinatoa namba ya biti nane, yaani tarakimu nane za moja au sifuri. Ndani ya lori ni chini ya sifuri, lakini Elia hakuiambia saketi kwamba namba inaweza kuwa na alama ya kutoa. Kwa hiyo kutoa kumi na sita ikasomwa 240. Na kule Ihanda hatukufika chini ya sifuri hata kidogo. Nne ni juu. Baridi yetu yote ile, na ni juu.

Amesahihisha. Ameandika kwamba namba ya kipimo ina alama, na jibu nalo lina alama. Tukaenda kwa jirani, Mama Zawadi, anayeuza barafu za ubuyu. Akatupisha kwenye friji lake.

"Bibi harusi, mume wako anaweka nini kwenye barafu zangu?"

"Waya tu, mama."

"Wateja wakipigwa na umeme nitawaleta kwako."

Kioo: 243. Kosa lile lile.

Elia alimshukuru Mama Zawadi vizuri, akatoka. Nikamfuata. Njiani Amani akapiga simu kuuliza kama atafute godoro. Elia akasema subiri. Hakusema hapana. Nimelisikia hilo na limenikaa kifuani mpaka sasa.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani niliomba kitu kimoja tu. Mahubiri sikusikia.

Baada ya chakula nilikuwa nachagua maharage. Sikuweza kumwona amekaa kimya vile, nikamwambia anieleze tena, pole pole, kama mtoto. Nilitaka tu nisikie sauti yake. Akachukua maharage. Meusi ni moja, meupe ni sifuri. Akapanga nane mezani. La kwanza kushoto jeusi, maana yake namba iko chini ya sifuri. Sasa, jibu lina nafasi kumi na sita, kwa hiyo hizi nane lazima zirefushwe. Kama saketi inajua namba ina alama, inajaza kushoto kwa kurudia lile jeusi, na namba inabaki ile ile. Kama haijui, inajaza meupe, na namba ndogo ya kutoa inageuka kubwa.

"Halafu naongeza mbili," akasema, "kwa sababu waya mrefu unafanya kipimo kisome pungufu."

Akasimama na harage mkononi. Hakulitua.

Ile mbili aliiandika kwa mtindo wa biti nane zisizo na alama. Na lugha hii ya kuandikia saketi ina sheria: kwenye hesabu moja, ikiwemo namba moja tu isiyo na alama, zote zinahesabiwa hazina alama, hata zile ulizoziambia vinginevyo. Kwanza inaamua hilo, ndipo inarefusha. Ndiyo maana meupe.

Akaandika mbili yenye alama. Akakimbia kwa Mama Zawadi na ndala moja yangu, moja yake. Kutoa kumi na tatu.

Mama Zawadi akauliza kama sasa anaweza kuuza. Nikanunua barafu nne. Nampenda mtu huyu mpaka naona aibu.

Jumatatu, 14 Julai

Sikwenda. Elia alisema nikiwepo atakosea. Nimepika, nimeunguza, nimepika tena.

Amerudi saa tisa, vumbi mpaka kwenye kope. Kioo kilisoma kutoa kumi na sita, king'ora kimya. Bwana Sudi akaamuru mashine izimwe. Wakasubiri mlango ukiwa wazi. Namba ikapanda, na ilipofika kutoa kumi king'ora kikalia. Chande akasema, "Haya mdogo wangu, umeshatubana." Lakini alimpa mkono.

Bwana Sudi hajatoa malori yote yafungwe kifaa. Ametoa mawili kwanza. Nilitegemea yote. Elia naye. Mawili yanatosha kodi na unga, akasema, tukibana. Nikamwambia nitabana.

Jumanne, 15 Julai

Jana hakumpigia Amani. Amepiga leo asubuhi, amesimama nje karibu na kamba ya nguo. Nimemsikia kupitia dirisha. "Hapana, kaka. Nabaki." Kisha, "Nitamfikishia mke wangu salamu. Naye anakusalimu."

Simu imekatika, hajaingia ndani. Huyu kaka ndiye aliyemsomesha. Nina furaha isiyo na mfano, na mume wangu amesimama kati ya mashuka anaangalia chini.

Sijamwita. Nimemwekea maji ya kuoga, ya moto.