Nilichokiona Majini Kabla ya Msiba wa Baba Yako

Nuugaarsuk,
Ghuba ya Disko.
17 Novemba.

Mpendwa dada yangu Pipaluk,

Salamu nyingi zikufikie huko Odense, wewe na shemeji Nuka na mtoto wetu Ivalu. Mgongo wako umepata nafuu? Nilisikia bado unakusumbua kazini. Sisi huku tu wazima wa mwili. Jua linachungulia kidogo adhuhuri, na baada ya siku chache halitaonekana tena hadi Januari. Barafu haijashika ghubani, wenye mbwa wa kuvuta sleji wanalalamika.

Mama yako anakula, analala, anakwenda kanisani. Juzi alipika mchuzi wa sili akanilazimisha nirudie bakuli. Nimeanza na yeye ili usome yanayofuata ukijua kwamba hayuko peke yake.

Dada, siku ya mazishi uliniuliza, tukiwa mlangoni mwa kanisa, kama baba yako, mjomba wangu, alikuwa ameanza kuumwa zamani. Nilisema hapana, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Watu walisema ni moyo, nawe ukarudi Odense na neno hilo. Haukuwa moyo.

Kazi yangu ya maji unaijua. Huu ni mwaka wa sita, kila Alhamisi nachota maji ya ghuba, napeleka sehemu kwa wataalamu wa kusini, na tone moja nalitazama mwenyewe kwa hadubini. Wakati wa giza karibu hakuna kitu cha kuona. Vijidudu waliopo ni wadogo mno, wanaishi kwa mabaki ya waliokufa. Jua likirudi, sehemu ya chini ya barafu hugeuka rangi ya chai kwa mwani. Barafu ikivunjika mwezi Mei, maji yote hufanya ukijani na wavu wangu hutoka na utelezi. Kisha hao nao hufa, huzama, na wengine hushika zamu. Maji yakipata joto mwishoni mwa kiangazi, huja wale wa mviringo walioshikana kama shanga. Hulala matopeni chini ya bahari kama mbegu, miaka na miaka, wakingoja joto.

Hao wana sumu. Kome huwanywa pamoja na maji, sumu ikabaki ndani ya nyama yake, na kuchemsha hakuiondoi.

Mwaka juzi niliwaona wachache, nikabandika tangazo dukani watu wasile kome. Majibu ya vipimo yakaja kwamba kome ni salama. Basi nilichekwa majira yote ya baridi. Niliitwa Mama Vijidudu. Baba yako aliwakataza watu kunitania, halafu yeye mwenyewe akaendelea. Kila nikiingia kwake alikuwa akiinua kikombe na kuniuliza kama leo nimemruhusu kunywa.

Mwaka huu joto halikuondoka hata Septemba. Alhamisi ile niliweka tone chini ya hadubini nikashindwa kuhesabu. Minyororo mitupu. Nilituma chupa, nikachukua karatasi, nikaandika neno moja, "Msile". Nikakumbuka vicheko. Karatasi nikaitia kwenye droo, nikajiambia nitangoja majibu.

Jumamosi maji yalipokupwa nilimkuta baba yako ufukweni na ndoo. Alikuwa na furaha. Akaniinamishia ndoo nione.

"Tazama walivyonenepa, mpwa wangu."

"Mjomba, afadhali ungengoja wiki moja."

"Nikingoja wiki utaniambia ningoje na nyingine. Mpaka nife na njaa."

Akacheka. Nami nikacheka naye, Pipaluk. Nikamsaidia kubeba ndoo mpaka kwenye ngazi za nyumba yenu.

Alikula mchana. Mama yako alionja watatu tu, kwa sababu alikuwa na mgeni wa kahawa. Midomo yake ilikaa na ganzi hadi kesho yake. Baba yako alianza na midomo, kisha vidole, kisha miguu. Tulimkokota zahanati, mimi na nesi. Nesi aliita helikopta, lakini ukungu ulikuwa umelala mpaka chini. Tulipokezana kumpulizia pumzi kwa mfuko. Hakuweza kusema, lakini macho yake yalikuwa yanatufuata. Saa kumi na moja jioni yaliacha.

Nesi aliyahifadhi mabaki ya sufuria akayapeleka yakapimwe. Majibu yamefika Jumanne iliyopita. Hayana shaka yoyote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama yako. Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote, tone, droo, ndoo, kicheko. Aliweka kisu chini.

"Mimi ndiye niliyewachemsha, Rosine," alisema. "Nilimwongezea sahani ya pili."

Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza.

"Usije kuniomba msamaha hapa jikoni, halafu huko nje ukanyamaza. Nenda kawaambie."

Jana baada ya ibada nilisimama kabla kahawa haijamiminwa, nikasema kama nilivyokuandikia. Hakuna aliyecheka. Mzee Gerth, aliyekuwa akivua na baba yako, aliuliza wako wapi sasa hao vijidudu. Nilimjibu wamerudi kulala matopeni, na kwamba wengi walioonekana mwaka huu maana yake ni mbegu nyingi zaidi chini yetu. Tumekubaliana kuanzia Julai niandike kwenye ubao wa duka kila nikionacho, siku ileile, bila kungoja majibu ya mtu. Niliwaambia ninaweza kukosea.

"Ukikosea tutakosa kome wiki moja," alisema Mzee Gerth. "Andika."

Mama yako alitaka uyasikie haya kwangu kabla mtu hajakupigia simu. Ukitaka kunigombeza, nipigie, nitapokea. Ukikaa kimya, sitakulaumu.

Nuka msalimie sana, na Ivalu umbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mume wangu Esajas anakusalimu, na Mzee Gerth pia. Mungu akushike mkono katika giza hili, wewe na nyumba yako, akulaze usingizi.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Mstari ulio hapa chini, ambao juu yake nabana maneno haya, umefutwa na mkono wake. Nilikuwa nimeandika jina la mtu aliyemuua baba yako. Ameukata kwa kalamu mara tatu, akasema barua iende hivyo hivyo, nisiinakili upya, ili uone kwamba ni yeye aliyeufuta.

▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬

Mimi nduguyo, nikupendaye,
Rosine